Hujaridhika? Mwambie Bibi

4 Machi

Mume wangu mpenzi,

Salamu zangu ni nyingi, ila nazitoa nikiwa nimenuna, kwa hiyo zipokee hivyo hivyo. Mimi mzima. Goti la kushoto linaniuma na la kulia limeanza kuiga. Mjomba wako amenunua pikipiki ya pili kabla hajajifunza kuendesha ya kwanza. Mkewe alihamia kwa dada yake kwa hasira, akarudi kesho yake kwa sababu dada yake anakoroma. Jirani yangu Mama Pacha anakusalimu. Wale mapacha wake wamefika umri wa kuwajibu watu wazima, na hawapotezi nafasi.

Nakuandikia barua badala ya kukupigia simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ukibanwa unasema mtandao mbovu, "Bibi sikusikii, haloo, haloo," halafu kimya. Kwenye karatasi utanisikia tu.

Sasa jambo lenyewe. Juzi Mama Pacha alirudi kutoka mjini na ndoo ya karatasi yenye kuku wa kukaanga, wa kampuni hiyo hiyo unayofanyia kazi.  Aliiweka mezani kwangu, akaigeuza, akaanza kucheka mpaka akajishikiza ukutani. Nikavaa miwani. Nikajiona. Mimi! Nimecheka meno yote nje, nimevalishwa aproni yenye maua, nimeshika mwiko mkubwa kama kasia.

Picha naikumbuka. Ni ya siku ya mahafali yako, na nilikuwa nacheka kwa sababu mjomba wako alikuwa amekalia kiti cha plastiki kikamtawanyikia miguu yote minne mbele ya wageni rasmi. Aproni siijui. Mkono ulioshika mwiko si wangu kabisa. Wangu una kidole kilichopinda kwa kushona sare za shule miaka yote ile, na huo wa kwenye ndoo ni wa msichana asiyefua.

Nyuma ya ndoo pameandikwa: "Mimi Bibi naahidi: mafuta mapya kila siku, kama jikoni kwangu. Hujaridhika? Niambie!"

Jikoni kwangu! Mume wangu, jikoni kwangu mafuta ni mapya kila siku kwa sababu sijayafungua tangu yanunuliwe. Ukoo mzima unajua kwamba aliyekuwa anapika nyumba hii ni babu yako, Mungu amrehemu, na tangu aondoke nakula kwa Mama Pacha. Wewe mwenyewe ukiwa mdogo ulilia ukisikia babu amesafiri.

Naomba unijibu. Nani alikupa ruhusa ya sura yangu? Na hayo mafuta ninayoyaahidi, yanabadilishwa lini hasa?

Mkeo mwenye mwiko,
Bibi

19 Machi

Kwako mke wangu na Bibi yangu mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi ni mzima wa afya, kazi zinasonga, na huku mvua imeanza kunyesha kwa mafungu, asubuhi kidogo na jioni kidogo. Mjomba mwambie avae kofia ngumu hata akiwa anaisukuma hiyo pikipiki.

Bibi, nacheka huku naona aibu. Nilitaka nikuambie nikija likizo, uso kwa uso, likawa limenipita. Ilikuwa hivi: tulikuwa kwenye kikao, Mkurugenzi wa Masoko akasema wateja hawatuamini tena, tunahitaji sura ambayo mtu akiiona anatulia. Wakaleta picha ya daktari, ya mkulima, ya mtoto. Mimi ile picha yako ninayo mezani kwangu, nikaitoa kama mzaha tu. Wakaionyesha kwa wateja. Bibi, ulimshinda daktari kwa mbali! Mauzo yamepanda kila tawi. Nimepandishwa cheo, sasa ni Mkuu wa Matangazo, nina meza ya dirishani na kiti kinachozunguka. Yote hayo ni kwa sababu yako, na mimi sisahau.

Kuna kitu kidogo tu. Mwanasheria wa kampuni amegundua kwamba faili lako halina saini. Siku ile waliniuliza kama umekubali, nami nikawaambia ndiyo, kwa kuwa nilijua ningekuuliza ungekubali. Nakuambatishia fomu ya ridhaa. Weka saini pale chini penye alama ya msalaba, uirudishe mapema. Ukichelewa wataona niliwadanganya, na hapa kwetu mtu haonywi mara mbili.

Nakutumia pia kuponi ya ndoo za bure, mle na Mama Pacha mpaka mchoke.

Mumeo,
Mkuu wa Matangazo (usicheke)

10 Aprili

Mume wangu Mkuu,

Nimecheka. Hujambo lakini? Sisi hatujambo sana. Mjomba wako ameendesha pikipiki mpaka kona ya kwanza, na huko akakutana na ukuta. Ukuta haujambo. Yeye kafungwa bendeji kwenye kiwiko, na anamsimulia kila mgeni kwamba breki zilikuwa za kiwanda kibaya.

Fomu imefika. Karatasi yake nzuri, nzito, hata nimeona aibu kuikunja.

Sitakudanganya, mwanzoni nilifurahi. Watu ambao hawajanisalimu tangu nimzike babu yako sasa wanavuka barabara kuja kunipa mkono. Fundi viatu alinishonea kandambili bure akaomba tupige picha. Binti mmoja aliniuliza siri ya viungo vyangu, nikamwambia ni uvumilivu. Nilikuwa najipitisha mbele ya lile bango kubwa la stendi makusudi, nasimama chini yake kama nasubiri mtu.

Halafu ikaanza. Umeandika "Hujaridhika? Niambie!" Basi watu hawakuridhika, na wakaniambia. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alikuja na kiungulia chake, akakaa barazani kwangu akakieleza tangu kilipoanzia tumboni mpaka kilipofika kooni. Kijana mmoja alileta paja la kuku lililoiva nje tu, ndani lina damu, akaliweka kwenye kitambaa changu cha meza. Mama mmoja alitoka mtaa ambao hata siujui, akaniambia, "Bibi, wewe ni mtu mzima, kwa nini unatufanyia hivi?" Nikamwambia si mimi. Akatazama ndoo, akanitazama, akatikisa kichwa akaondoka. Mume wangu, nimeitwa majina mengi katika maisha haya, lakini sijawahi kuitwa mwongo nikiwa nimekaa mlangoni kwangu namenya chungwa.

Na sasa hili. Mapacha walikula ndoo ya kuponi yako Jumamosi. Jumapili walikuwa wanatapika wote wawili, na yule mdogo alilazwa. Daktari kasema ni tumbo limekataa mafuta mabaya, wengine matumbo yao ni magumu, yake sivyo. Ametoka, yuko salama, amekonda uso. Mama yake alinipa mkono hospitalini lakini hakunitazama machoni.

Nakuuliza tena. Mafuta yanabadilishwa lini?

Bibi

2 Mei

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa kuuguliwa na watoto wa jirani, na mwambie Mama Pacha kwamba nimeguswa. Pole kwa Mjomba na ukuta wake. Huku nimehamia nyumba mpya, vyumba viwili na sebule, maji ya moto yanatoka bombani, na jirani wa juu anajifunza ngoma.

Kuhusu suala uliloliuliza, napenda kukuhakikishia kwamba kampuni yetu inazingatia viwango vya juu vya ubora katika hatua zote za maandalizi, na kwamba afya ya mteja ndiyo kipaumbele chetu cha kwanza. Masuala ya jikoni yako chini ya Idara ya Uzalishaji. Wateja wenye malalamiko wasije kwako, wapige namba iliyo chini ya ndoo. Ipo wazi saa zote.

Bibi, ile fomu. Mwanasheria ameniuliza tena, na safari hii alisimama. Nimemwambia posta ya huko ni ya polepole. Naomba sana ifike kabla ya mwisho wa Juni.

Nakupenda sana. Kula vizuri.

Mumeo

25 Mei

Mume wangu,

Hujambo wewe na maji yako ya moto. Mimi mzima. Mjomba wako ameuza pikipiki moja ili atengeneze nyingine, na aliyoiuza ndiyo iliyokuwa nzima. Mkewe hasemi kitu siku hizi, anamtazama tu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta uliponijibu. Nimeuliza siku, umenipa kipaumbele. Aya ile si yako. Wewe nimekufundisha kusema "Bibi, nimejikojolea" ukiwa na miaka mitatu, kwa uwazi kabisa, hukuniambia suala liko chini ya Idara ya Kitanda.

Namba ya chini ya ndoo nimeipiga. Kwanza nilipigiwa muziki mpaka sikio likapata moto. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke: "Karibu mjukuu wangu, mimi Bibi, nakusikiliza." Mume wangu! Mmenitafutia na sauti! Na huyo mwanamke ananishinda uzee, anatetemeka kama anazungumzia kwenye friji. Nikamwambia, "Na mimi ni Bibi, nina malalamiko." Akasema asante kwa kuwa mteja wetu, akakata.

Basi nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda mwenyewe kwenye tawi lenu la hapa mjini. Binti wa kaunta alinitazama, akatazama ukutani nilipobandikwa, akanitazama tena.

"Bibi?"

"Ndiye mimi."

"Kumbe upo kweli?"

"Ulidhani nimechorwa?"

Akakimbia ndani. Akatoka meneja, kijana wa tai fupi, mikono kaikunja mbele kama anapokea mahari. "Karibu Bibi, umetuheshimu sana. Nikufungie ndoo?"

"Nifungulie jiko," nikasema.

Alitaka kukataa, nilimwona. Lakini nimebandikwa ukuta mzima nimeshika mwiko, na wateja walikuwa wamegeuka wote wanaangalia. Angemzuia vipi mwenye jiko asiingie jikoni? Akanifungulia. Wapishi wanne walisimama wima, mmoja akavua kofia. Nikasogelea mashine ya kukaangia. Mimi sijui kupika, lakini macho ninayo. Yale mafuta yalikuwa meusi, yana povu la kijivu pembeni, na harufu yake ilinifuata mpaka nyumbani, bado iko kwenye gauni.

"Haya mmeyabadilisha lini?"

Wapishi wakatazama sakafu. Meneja akajibu, "Kila siku, Bibi, kama ulivyosema."

"Mimi nimesema lini?"

"Pale." Akaninyooshea kidole ukutani.

"Leo mmeshabadilisha?"

"Leo bado."

"Na jana?"

"Jana sikuwa zamu."

Nilipotoka kwa mlango wa nyuma, mpishi mmoja mtu mzima alinifuata akijifanya anamwaga takataka. Akasema polepole, "Bibi, sisi tukisema tunafukuzwa. Wewe huwezi kufukuzwa. Sema wewe." Nikasimama pale karibu na mapipa. Ni kweli mimi siwezi kufukuzwa. Lakini wewe unaweza.

Mama Pacha amepeleka shauri kwa Baraza la Walaji. Kumbe lipo, lina ofisi juu ya duka la magodoro, na mle ndani kuna binti mmoja mwenye kalamu nyingi kichwani. Alikuja kwangu. Anasema mtu akinunua chakula ana haki ya kujua anachokula, na ahadi iliyoandikwa kwenye ndoo ni ahadi kama nyingine. Kampuni imemwandikia kwamba mafuta hubadilishwa kila siku, na kwamba tumbo la mtoto ni la mtoto. Baraza litakaa mwezi wa nane. Anahitaji mtu wa ndani aseme ukweli, na mimi niseme kama niliahidi au sikuahidi. Nimemwambia nitamjibu nikishajibiwa.

Nijibu basi.

Bibi

14 Juni

Bibi,

Shikamoo. Wote wazima huko? Mimi nipo.

Nimesikia ulichofanya. Habari ilifika makao makuu kabla ya barua yako: "Bibi katembelea tawi." Mkurugenzi alicheka, akadhani ni ubunifu wangu. Mwanasheria hakucheka.

Bibi, unaniponza. Nasema hivyo kwa heshima zote. Kila mtu anajua matangazo ni matangazo. Mkate wa kwenye picha ni mkubwa kuliko wa kwenye sahani, nyanya imepakwa mafuta ya nywele ing'ae, mvuke ni wa pasi. Nani ananunua kuku wa haraka akidhani anakwenda kupona? Kampuni zote zinafanya hivyo. Tukifanya tofauti peke yetu tunafunga duka, na wale wapishi wanne unaowaonea huruma watakuwa wa kwanza kurudi nyumbani.

Nimetoka mbali, wewe unajua kuliko mtu yeyote. Umeshona usiku na mchana nisome. Sasa nimefika mahali, na anayenivuta shati ni wewe. Baraza likikuuliza, sema tu ulikubali. Neno moja. Fomu mwisho ni tarehe 31 Julai, wameongeza muda kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo si mimi nitakayekaa kwenye meza hii.

Naomba radhi kama nimekosa adabu.

Mjukuu wako

20 Julai

Mume wangu,

Salamu zako nimezipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nilikuwa nakutukana, nami sikutaka posta wabebe mzigo huo.

Mjomba wako amepona kiwiko. Mapacha wamefunga shule. Mama Pacha haleti tena sahani yake jioni. Hatujagombana, tunasalimiana vizuri kabisa, ila sahani haiji. Nimejifunza kuchemsha yai. La kwanza lilipasuka, la pili nililisahau mpaka sufuria ikaungua, la tatu nililila. Naomba usimwambie mtu.

Katika barua yako kuna mstari umeufuta, pale baada ya "wapishi wanne". Nimeuweka dirishani kwenye jua nikajaribu kuusoma. Umeufuta vizuri, sikupata kitu.

Nimekaa na maneno yako. Umesema nakuvuta shati. Liliniuma sana hilo, nililia, halafu nikajiuliza kama ni kweli. Mimi ni mwanamke mkorofi, babu yako alinioa akijua hivyo. Lakini siku niliyokuona umesimama na lile joho, nilicheka kwa sababu ya kiti cha mjomba wako, na nilicheka pia kwa sababu nilikuwa na furaha inayoniumiza mbavu. Sikutaka kitu kingine chochote baada ya hapo. Sura ninayo moja, na nilikuwa nimeizoea. Mjukuu pia ninaye mmoja.

Fomu hii hapa, nimesaini. Nimekwenda pia juu ya duka la magodoro, nikamwambia yule binti kwamba mbele ya Baraza sitasema kitu, si ndiyo wala hapana. Alinitazama kwa huzuni, akanisindikiza ngazi zote mpaka chini.

Lile swali langu usilijibu tena. Nimelifuta.

Bibi yako

5 Agosti

Jumatatu ya kwanza na Jumatatu ya tatu ya mwezi.

Ndilo jibu, Bibi. Umeniuliza tangu Machi. Mafuta hubadilishwa Jumatatu mbili kwa mwezi, matawi yote, na mwezi ukiwa na sikukuu huwa Jumatatu moja. Siku za katikati wanaongeza juu.

Na nilijua. Hilo ndilo nililoandika kwenye mstari ule nikaufuta. Kabla sijaandika ile ahadi ya kwenye ndoo nilishuka Idara ya Uzalishaji kuuliza, nifanye kazi yangu vizuri. Mkuu wao alicheka, akaniuliza kama nimewahi kununua mafuta kwa mapipa. Nikarudi mezani nikaandika "kila siku" kwa sababu Jumatatu ya kwanza na ya tatu haipendezi kwenye ndoo. Kisha nikatafuta mtu wa kuyasema hayo maneno akaaminika, nikakuweka wewe; haikuwa mzaha kama nilivyokuandikia.

Fomu yako ilipofika nilifurahi kwa kama dakika tano. Umeandika jina lako lote, hata lile la ukoo ambalo hulitumii, umebonyeza kalamu mpaka imetokea upande wa pili. Nikampelekea Mkurugenzi. Hakusoma. Akasema, "Safi sana, sasa Bibi ni wetu. Tumpe na juisi." Nikauliza juisi gani. Akasema ile mpya, ya unga na rangi, tutaandika "Bibi anaahidi: matunda halisi." Akaniambia niilete kesho yake asubuhi, na safari hii nikuvalishe kofia ya majani.

Bibi, nilisimama pale nikaona hii haina mwisho. Baada ya juisi ni nyama, baada ya nyama ni maziwa, na wewe utakuwa barazani kwako unaitwa mwongo na watu wa mitaa usiyoijua, unakula yai lako peke yako. Nikamwambia naomba fomu mara moja nikague kitu. Akanipa. Nikatoka nayo, nikashuka ngazi, nikapanda basi la asubuhi.

Nimeshafika kwa yule binti wa kalamu nyingi. Nilikuwa mji wenu jana mchana, sikuja kwako kwa sababu nilijua nikikuona nitaanza kulia kabla sijamaliza nilichokwenda kufanya. Nimemwambia kila kitu kwa jina langu na cheo changu, nikasaini. Nimemwambia pia kwamba wewe hukuahidi chochote, aliyeahidi ni mimi. Nitarudi huko siku Baraza litakapokaa, niseme tena mbele ya mwanasheria wetu, yaani wao. Fomu yako ninayo mfukoni, hawaipati.

Barua ya kufukuzwa imenitangulia nyumbani, niliikuta mlangoni. Wana kasi wakitaka. Nyumba hii nitaiacha mwisho wa mwezi ujao. Jirani wa ngoma amekuwa mzuri sasa, ni bahati yangu.

Nisamehe, Bibi. Ile ya kuvuta shati naomba uichome moto.

Nimetanguliza jibu, salamu zimekuja mkiani. Shikamoo.

2 Septemba

Marahaba, mume wangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma, kisha nimeipeleka kwa Mama Pacha akaisoma kwa sauti mapacha wakiwa wanaruka juu ya kitanda. Alipofika kwenye Jumatatu aliacha kusoma akanishika bega. 

Siku ya Baraza nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Ulitafuta uso wangu ukaukosa kwa sababu Mjomba wako alikuwa amekaa mbele yangu na kofia ngumu kichwani, hakukubali kuivua. Ila sauti yako niliisikia. Mwanasheria alipokuuliza kama una chuki na kampuni, ukamjibu, "Hapana, ndiyo maana nilisema uongo wao vizuri," mtu mmoja alicheka kwa nguvu na Mwenyekiti akagonga meza. Mtu huyo ni mimi. Ulipotoka nje nilishindwa kukufikia, ulikuwa umezungukwa, nikaona bora nirudi nikutandikie, kumbe umepanda basi la jioni kurudi kufunga mizigo.

Uamuzi umebandikwa juu ya duka la magodoro. Gharama za hospitali za mtoto watalipa wao. Mafuta wabadilishe kila siku au waandike kwenye ndoo siku wanayobadilisha, kwa herufi kubwa kama zile za ahadi. Na sura yangu waiondoe kila mahali. Vijana wa kubandua mabango walikuja stendi juzi na vikwangulio. Gundi yenu ni kali, mabega yangu yalitoka, mwiko ukatoka, meno yamebaki mpaka leo. Yule mpishi mtu mzima bado ana kazi. Alipita barazani akanipa mkono wa mikono miwili.

Uliniomba nikusamehe. Nimekusamehe tangu hapo kwenye mstari wa kwanza, hayo mengine nimeyasoma kwa sababu unaandika vizuri. Ulifanya kosa kubwa, na sitakupunguzia, mtoto wa watu alilazwa. Lakini nimekuona umesimama peke yako mbele ya wale wenye suti, unasema jambo litakalokuacha bila kazi, na hakuna aliyekusukuma. Nakupenda, mjinga wewe. Nakupenda kuliko siku ya joho.

Chumba cha nyuma nimekitoa cherehani na masanduku. Kitanda ni kifupi, miguu yako itaning'inia. Yule binti wa Baraza ameulizia kama unaweza kuwaandikia mabango ya kuwaeleza watu haki zao, anasema malipo yake ni kidogo mpaka anaona haya kuyataja. Nimemwambia akuulize mwenyewe ukifika.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni kununua mayai. Mwanamke mmoja akanisimamisha, akanikazia macho, akasema, "Samahani mama, wewe si yule Bibi wa kuku?"

Nikamwambia hapana. Mimi ni bibi wa yule kijana aliyesema kuhusu mafuta.

Mkeo